Siku Niliyoangalizia Mtihani wa Kuku

Naona niliseme mwenyewe, maana nikikaa kimya mtalisikia kwa wengine na kila anayelisimulia analiongezea chumvi yake. Ni kweli. Mimi Sefu, mkufunzi wa zana za kilimo kwa miaka ishirini na mbili, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya mitihani, baba wa watoto wanne, nilikamatwa ndani ya chumba cha mtihani nikiangalizia kwa binti wa miaka ishirini. Majirani zangu wa Bigwa wanasema nilikutwa na karatasi kwenye soksi. Si kweli, siku ile nilivaa makubazi. Kule Mzinga nina shemeji aliyesikia kwamba nililia. Hilo nalo si kweli, au tuseme si kweli yote, tutafika huko.

Chuo chetu ni kidogo, cha kilimo na mifugo, kimekaa chini kabisa ya milima, kiasi kwamba mvua ikianza kule juu sisi tunaanua nguo huku jua bado linatuchoma. Wanafunzi walinipa jina la Darubini (wanadhani sijui, najua, na kusema kweli nilikuwa nalipenda) kwa sababu hakuna aliyewahi kuibia mtihani mbele yangu akatoka salama. Nimekamata majibu yaliyoandikwa kwenye mapaja, kwenye karatasi ya chupa ya maji, ndani ya kofia, na mmoja nilimfungua bandeji ya mkono ambao haukuwa na kidonda. Na ni mimi niliyeandika ile kanuni ya nne ya mitihani ya chuo, inayosema aliyeangalizia na aliyeangaliziwa wote wawili karatasi zao zinafutwa, bila kuuliza nani alimtazama nani, kwa sababu ukianza kuuliza utakaa hapo mpaka jioni na kila mmoja ana kiapo chake. Niliisoma mbele ya kikao cha wakufunzi, wakapiga makofi, nikaona nimewasaidia sana.

Sasa mwaka huu mkuu wa chuo akatuletea mafunzo ya wiki nzima, sisi wakufunzi tufundishwe kufundisha. Mnaweza kufikiria tulivyoyapokea. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mwembamba, Dokta Tumaini, mwenye sauti ya taratibu ambayo inakulazimisha unyamaze ili uisikie, akaanza kwa kutuuliza kwa nini wanafunzi wetu wengi wanaanza mwaka wa kwanza na hawafiki wa tatu. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Hawasomi." Watu wakacheka, nikakaa nimeridhika.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Na wewe, mara ya mwisho kukaa darasani kwa mwenzako ukamsikiliza akifundisha ilikuwa lini?"

Wote tukawa tunatazama madaftari. Akatuambia kila mmoja wetu ana shamba lake na uzio wake, na mwanafunzi peke yake ndiye anayeruka nyuzio zote, kisha akianguka tunasema miguu yake mibovu. Kwa hiyo wiki hiyo tutapangwa wawili wawili kutoka idara tofauti, kila mmoja atakaa siku nzima darasani kwa mwenzake kama mwanafunzi, afanye kila anachofanya mwanafunzi, kisha wawili hao wakae chini watunge somo moja walifundishe pamoja siku ya Ijumaa.

Nikapangwa na Mwanaidi wa ufugaji wa kuku. Mwanaidi nilimfundisha mwenyewe, miaka ile akiwa msichana mwembamba wa mstari wa pili, na mpaka leo hajawahi kunipita bila shikamoo, hata tukionana mara tatu siku moja (ya pili na ya tatu anasema "shikamoo tena, mwalimu"). Wakati wa chai akanijia na kikombe chake akaniambia kwa upole wake, "Mwalimu, kesho asubuhi nina jaribio. Kwa wanafunzi ni la alama za muhula. Wewe unaweza kuingia baadaye, saa nne, tukianza somo."

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa, ndugu zangu, tena wazi kabisa. Ningesema sawa, nikalala zangu mpaka saa tatu. Lakini Kajiru, mkufunzi mwenzangu anayefundisha somo la udongo, alikuwa pembeni na kitumbua mdomoni, akasema, "Mwache aje baadaye, asije akatuaibisha wazee." Nikajikuta nimeshaweka kikombe chini. Nikasema kuku mimi nimekua nao, mama yangu kule Matombo alikuwa na kuku wa kutosha kulisha harusi, na mtu mzima wa kufungua injini ya trekta na kuifunga hawezi kushindwa na kifaranga, andikeni, kesho ni kumi juu ya kumi. Niliisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mpaka wapishi waliisikia.

Asubuhi yake nikaingia darasani saa mbili kasoro, wanafunzi wote wakasimama, nikawaambia kaeni, leo mimi mwenzenu, wakakaa huku wakitazamana. Viti vyetu ni vile vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia, na aliyevitengeneza hakuwahi kumfikiria mtu mwenye kitambi, kwa hiyo niliingia kwa awamu. Nyuma kabisa ya darasa alikuwa amekaa Dokta Tumaini na daftari lake, akitutazama. Jirani yangu wa kushoto alikuwa binti anaitwa Anastazia, kwao Mgeta, kule kwenye kabichi na karoti, akaniamkia, nikaitikia, nikajipapasa mfukoni nikagundua sina kalamu. Mimi, ambaye kila mwaka nasimama mbele ya watu na kuuliza mwanafunzi anaingiaje kwenye mtihani bila kalamu.

"Ninazo mbili, mwalimu," akasema Anastazia, akanipa moja. Kisha, labda kwa sababu nilikuwa nimebanwa kwenye kiti kama wao na kwa dakika ile sikutisha, akaongeza kwa sauti ya chini, "Niombee nipate japo saba. Lile jaribio la kwanza nilikuwa naumwa, nikapata tatu. Nikikosa hili siruhusiwi mtihani wa mwisho, narudi nyumbani mpaka mwakani, na baba amesema safari hii nikirudi nabaki."

Nikamwambia kama umesoma utafaulu. Ndiyo maneno niliyokuwa nayo, na nilidhani yanatosha.

Jaribio lilikuwa maswali kumi kwa dakika thelathini. La kwanza nikalijua. La pili nikalijua nusu. La tatu nikaandika kitu kwa mwandiko mbaya makusudi ili msahihishaji asiwe na uhakika (mbinu hii naifahamu kwa kuwa nimewaadhibu nayo wengi). La nne likaniuliza vifaranga vya wiki ya kwanza vinahitaji joto la nyuzi ngapi, na hapo nikatambua kwamba kuku wa mama yangu hakuna mtu aliyewahi kuwapima joto, walilala jikoni, basi. La tano, taja dalili mbili za mdondo. Nilichokumbuka kuhusu mdondo ni kwamba kuku wanakufa, na nikaona haipendezi kuandika kufa mara mbili. La sita, banda la kuku lijengwe mahali pa namna gani. Nikatazama dirishani, milima ipo pale pale na wingu lake, haina msaada wowote.

Jasho likaanza. Si lile la joto la Morogoro, hilo tumelizoea, hili lilikuwa linaanzia nyuma ya masikio na lilikuwa la baridi. Akilini nikamwona Kajiru na kitumbua chake. Nikawaona wapishi. Nikafikiria nitakavyoingia bwaloni mchana na karatasi yenye mbili juu ya kumi, na wallahi sikufikiria kuacha wazi, wala halikunijia wazo kwamba mtu anaweza kusema sijui na siku ikaendelea. Shingo ikageuka kushoto. Mara ya kwanza niliona mwandiko tu, mwandiko mzuri wa shule za masista, wa kusimama wima. Mara ya pili nikaona namba nne na jibu lake. Nikaandika. Nikaona tano, nikaandika, nikaona sita, nikaandika. Mtu anayeangalizia hasomi swali, anasoma namba tu, jambo ambalo nimewaeleza wanakamati wenzangu kwa miaka mingi na siku ile nikawa nalithibitisha kwa vitendo.

Nilikuwa naivuta shingo kuelekea la saba niliposikia juu ya kichwa changu, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?" nikaitikia kwa mazoea, kwa sauti kamili, katikati ya wanafunzi arobaini walio kimya.

"Sijambo. Naomba karatasi yako."

Alikuwa Mwanaidi, amenyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko chake, heshima zote. Ningempa nikanyamaza, jambo lingekuwa fupi. Badala yake nikamwambia nilikuwa natazama saa. Darasa zima likageuka kuitazama saa ya ukutani upande wa Anastazia, ambayo betri yake iliisha tangu muhula uliopita, na aliyeandika barua ya kuomba betri nyingine ni mimi. Ilikuwa inasema saa kumi na dakika tano. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilinikata maini, maana mwanafunzi akiacha kucheka jambo kama lile ujue ameogopa kwa niaba yako.

"Na yako, Anastazia," akasema Mwanaidi.

"Nimefanya nini, madam?"

"Lete tu, mama."

Kutoka nyuma kijana mmoja akanong'ona, "Kanuni ya nne," akiitamka hasa kama ninavyoitamka mimi, na Dokta Tumaini akaandika kitu kwenye daftari lake. Anastazia, aliyekuwa ameshafika la kumi, akaiachia karatasi taratibu. Mkononi mwangu bado nilikuwa na kalamu yake, nikawa sijui niirudishe au niishike, nikaishika.

Muda wa jaribio ulipoisha nikamfuata Mwanaidi barazani nikijichekesha. Nikamwambia, sikiliza binti yangu, lile ni zoezi la mafunzo, mimi si mwanafunzi, chana hizo karatasi tuendelee na somo. Akasimama, akazitazama zile karatasi, akaniambia, "Kwako ni zoezi, mwalimu. Kwa yule ni mtihani. Dokta ameona, darasa zima limeona. Nisipojaza fomu, kesho watasema sheria ni ya watoto wa wakulima tu."

"Basi andika kwamba yeye hakujua."

"Fomu haina sehemu hiyo," akasema. "Uliitengeneza wewe."

Akataka kuondoka, kisha akarudi hatua moja. "Mwalimu, unakumbuka nilirudia mwaka wa pili?" Nikasema nakumbuka, nadhani uliumwa. Akatikisa kichwa. "Kuna mtu aliniangalizia kwa nyuma. Hata jina lake sikulijua. Ulinifutia karatasi ukaniambia nikasome kanuni." Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni, akaenda zake. Nilisimama pale barazani nikijaribu kukumbuka uso wake siku ile ndani ya kamati na sikuupata. Nimefuta karatasi nyingi sana, ndugu zangu, na nyuso zote zimechanganyika. Niliona aibu ambayo ile ya darasani ilikuwa cha mtoto.

Saa sita mkuu wa chuo akaniita ofisini akafunga mlango. Fomu ilikuwa mezani kwake, na kwa utaratibu ilitakiwa iende kwa mwenyekiti wa kamati, yaani kwangu, nijiandikie barua ya kujiita mbele yangu. Mkuu ni mtu wa busara na ananitakia mema. Akasema, "Mwalimu Sefu, wewe ulikuwa kwenye mafunzo, ya kwako tunaichana, yanaishia hapa hapa. Ya binti inabaki kwenye jalada, kanuni ni kanuni." Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kushuka ngazi zote za jengo la utawala, nikamshukuru Mungu, nikaanza hata kufikiria mchana tutakula nini.

Chini ya ngazi nikamkuta Anastazia amekaa kwenye msingi wa jengo anaongea na simu. Alikuwa anaongea na mama yake kwa Kiluguru, bila shaka akidhani hapa chuoni hakuna anayemwelewa, lakini mimi nimesema kwetu Matombo, lugha ni hiyo hiyo, kwa hiyo nilisikia lote. Hakuwa anamlalamikia mtu. Alikuwa anamwomba mama asimwambie baba kwanza, asubiri mpaka Jumamosi, na akauliza kama kabichi za gulioni ziliisha. Kisha akaniona. Akasimama, akaishusha simu, akasema, "Shikamoo, mwalimu," na mimi nikaitikia marahaba, nikapita haraka. Ule mchana sikula.

Saa tisa tulikuwa na kikao cha wote bwaloni, kila jozi ielezee ilichojifunza. Bwalo letu lina madirisha makubwa yasiyo na vioo, na habari ilikuwa imeshazunguka, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wamejaa nje kwenye kila dirisha wakijifanya wanapita. Wapishi walikuwa wamesimama kwenye mlango wa jiko. Kajiru alikuwa mstari wa mbele (nilijua atakuwa mstari wa mbele). Nilikuwa nimepanga maneno matatu tu, ya kiungwana: nimekosa, nisameheni, binti hana hatia, nikae. Nikasimama nikayasema hivyo hivyo, nikaanza kukaa.

Mkuu wa chuo akanizuia kwa mkono. Akasema mwalimu, umeongea vizuri, lakini tutajuaje kwamba hamkukubaliana? Wanafunzi hukubaliana. Mmoja anasogeza karatasi, mwingine anatazama. Akanitazama kwa masikitiko kidogo, maana maneno yale ni ya kwangu, nimeyasema kwenye kila kikao cha kamati kwa miaka yote hiyo, na kila mzazi aliyewahi kuja kumtetea mwanawe nilimnyamazisha nayo. Nilikuwa nimeijenga hoja ile vizuri mno.

Ndipo Mwanaidi akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwalimu, soma majibu yako." Akanyoosha mkono akanipa karatasi yangu na ya Anastazia. Nikazitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi nikizisoma kwa utulivu, na kwenye kona ya ile ya kwangu nikaona herufi ndogo A, na kwenye kona ya ile ya Anastazia nikaona B. Majirani walipewa maswali tofauti. Utaratibu huo unafuatwa chuo kizima ili kuwanasa wanaoangalizia, na sina haja ya kuwaambia ni nani aliyeuleta.

Basi nikaelewa kazi iliyo mbele yangu. Njia pekee ya kuonyesha kwamba binti yule hakukubaliana nami ilikuwa kuonyesha kwamba niliandika upuuzi, na ili watu waamini lazima niusome wote, kwa sauti, bila kuruka.

"Swali la nne," nikaanza. "Vifaranga vya wiki ya kwanza vinahitaji joto la nyuzi ngapi. Nimeandika, siku ishirini na moja." Kwenye dirisha moja mtu akakohoa. "Karatasi ya Anastazia inauliza yai linaatamiwa kwa siku ngapi. Yeye amepata."

"Endelea," akasema Dokta Tumaini.

"Swali la tano. Dalili mbili za mdondo. Nimeandika, pumba za mahindi na dagaa." Bwalo likaanza kutikisika taratibu. Mpishi mkuu akauliza kwa sauti, kwa nia njema kabisa, kama dagaa wanaleta mdondo, kwa sababu kwake anawapa. Nikamwambia hapana mama, dagaa ni chakula, mimi ndiye sikusoma swali.

"Swali la sita. Banda la kuku lijengwe mahali pa namna gani." Hapa nilisita, nisiwafiche. Nikajifuta uso. "Nimeandika, kwenye jicho la kuku, tone moja."

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Kajiru alitoka nje. Kuna kijana aliyekuwa amekalia dirisha akaangukia upande wa nje, wakamwokota akicheka. Mkuu wa chuo alikuwa ameinamisha kichwa mezani, mabega yanapanda na kushuka, na alipoinua uso alikuwa analengwa na machozi akijitahidi kubaki mkuu wa chuo. "Kwa hiyo, mwalimu," akasema, "unataka kikao kiamini kwamba hili banda..."

"Ndiyo, mkuu," nikasema. "Naomba kikao kiamini hivyo. Hilo ni jibu la chanjo ya mdondo, kwenye karatasi B. Tungekuwa tumekubaliana, huyu binti angeniambia karatasi zetu si sawa, maana ana akili. Mtu mwenye akili hawezi kukubaliana na mtu aliyeandika haya. Aliniazima kalamu tu." Nilikuwa najitetea kwamba mimi ni mjinga, tena kwa bidii, nikipiga meza, na kila niliposhinda hoja nilizidi kudidimia. Kwenye dirisha la mwisho nilimwona Anastazia, peke yake hacheki, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili anamtazama mkuu.

Nikasema na la mwisho, ambalo sikuwa nimelipanga. Nikasema kanuni ya nne niliiandika ili nisisumbuke kuuliza, na kwa miaka hii yote kuna waliofutiwa karatasi hawakufanya kosa lolote, mmoja yumo humu ndani, amenikamata leo kwa shikamoo, na nilimpotezea mwaka mzima wa maisha yake na hata sikumkumbuka. Sauti yangu hapo iliniacha kidogo (ndiyo anayoisema shemeji wa Mzinga). Mwanaidi hakuinua macho, alikuwa anazipanga karatasi zake mezani, zikiwa zimeshapangwa. Kicheko kikaisha chenyewe.

Mkuu akaikunja fomu. Akasema karatasi ya binti isahihishwe kama nyingine, na ile kanuni irudi kwangu na kwa Mwanaidi, tuiandike upya wawili, liwe ndilo somo letu la pamoja la Ijumaa, na wanafunzi wachache waitwe watoe maoni. Tuliibishania siku mbili. Nilizoea kuandika peke yangu, na Mwanaidi, pamoja na shikamoo zake zote, ni mbishi kuliko trekta lililolala masika nzima. Kila sentensi niliyoandika aliniuliza, "Na kama hakujua, mwalimu?" mpaka nikaanza kujiuliza mwenyewe kabla yake.

Anastazia alipata nane. Mimi nilipata moja na nusu, na kwa kuwa kanuni mpya inasema aliyeangalizia anarudia jaribio, nikapangiwa kurudia.

Wiki iliyofuata akanisubiri nje ya karakana. Nilidhani amekuja kushukuru, nikajiandaa kumwambia usijali. Akaniamkia, akasema, "Mwalimu, sisi tuliopata chini ya nne kwenye jaribio la kwanza tuna kikundi, tunakutana Jumatano saa kumi, darasa la mwisho. Tunasoma taratibu. Unaweza kuja, kama hutaona vibaya."

Nilikwenda. Nilipofungua mlango walikuwa kumi na wanne, na wote kwa pamoja wakaficha karatasi zao chini ya vibao, kisha mmoja akasimama akaanza kujieleza kwamba hawafanyi kosa lolote. Miaka ishirini na mbili nimepita mbele ya mlango ule kila siku, na haikuwahi kutokea nikauingia isipokuwa kumkamata mtu. Nikawaambia sijaja kukamata, mimi nimefeli, nionyesheni pa kukaa. Wakanisogezea kiti. Anastazia akafungua daftari akaniuliza ni wapi nisipoelewa, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa ndani ya darasa, nikasema sijui hata tuanzie wapi.

Jaribio la kurudia nilipata sita, maswali mawili nikayaacha wazi, na sita hiyo ni yangu mwenyewe. Kuangalizia sirudii tena, hilo nimeapa. Ila Jumatano saa kumi msinitafute, nina kikundi.